Lango Lilisema Yuko Salama

"Hongera, mwanamichezo. Mafuta ya mwili, asilimia kumi na saba. Uko salama. Endelea."

Hiyo sauti! Wameitoa wapi, sijui. Sauti ya mshereheshaji wa harusi, tamu mpaka inakera, na kila asubuhi inanikuta sijatia hata chai mdomoni. Mtoto aliyepongezwa alikuwa Emiliana Sulle, miaka kumi na sita, mkimbiaji wangu wa mita elfu kumi. Alishuka kwenye kibao cha Lango, mashine yetu ya kupimia miili, akiwa ameshikilia nguzo. Anashikilia nguzo, jamani, kushuka ngazi moja! Midomo imepasuka, amevaa sweta mbili, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi kama bomba la uani. Lango likamwashia kijani.

Nyuma yake akapanda Restituta Qwaray, anayelala naye chumba kimoja. Huyu ni mzima wa afya. Anakula, analala, anacheka ovyo, na tangu aje kambini hajawahi kuniletea hata malalamiko ya kidole. Lango likanyamaza kidogo, kama linafikiri.

"Pole, mwanamichezo. Mafuta ya mwili, asilimia kumi na tatu. Hauko salama. Tafadhali pumzika."

Nyekundu.

"Wewe Lango," nikasema kwa sauti mbele ya watoto wote, "una wazimu?"

"Samahani, sijaelewa swali."

"Najua hujaelewa. Ndiyo shida yetu."

Watoto wakacheka, isipokuwa Restituta. Alibaki amesimama pale kwenye kibao, taa nyekundu ikimwangaza miguu, ananitazama mimi wala si Lango.

"Madam," akasema taratibu, "mimi jana nilikunywa maji yote uliyotuambia tunywe."

Neno hilo likanichoma. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mimi, Fausta Massay, mpimaji wa kambi hii ya wakimbiaji chipukizi hapa juu Mbulu, nilikuwa nimewahubiria watoto wote wanywe maji. Akanisikiliza mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye aliyezuiwa kukimbia.

*

Ngoja nieleze, maana hata wale wa Baraza la michezo wanaotuletea haya malango ukiwauliza wanakodoa macho.

Lango halioni mafuta. Linapitisha umeme mdogo kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye viganja, halafu linasikiliza. Umeme unapenda maji. Ukikuta mwili una maji ya kutosha, unapita chapuchapu. Ukikuta mwili umekauka, unasuasua, na Lango likiona unasuasua linasema, aha, hapa pana mafuta. Kwa hiyo mtu mwenye kiu na mtu mwenye mafuta, kwa Lango, ni mtu yuleyule. Halafu hesabu yenyewe ilitungwa kwa kupima watu wazima, waliokwisha kukua. Mtoto wa miaka kumi na sita bado anajengwa. Mifupa yake haijashiba madini, maji ya mwili wake yana kadiri yake nyingine. Unampima mtoto kwa kanuni ya baba yake, unapata namba, unaishangilia.

Na Sheria ya Miili Michanga haikuletwa kwa ubaya, hapana. Ililetwa baada ya wasichana kuanguka barabarani mwaka hadi mwaka, wamejinyima chakula mpaka mifupa ikawa inakatika kama kuni kavu. Ikasemwa: msichana aliye chini ya asilimia kumi na nne asikimbie. Sawasawa. Kikaongezwa kifungu cha pili: aliyepewa kijani, asizuiwe na mtu yeyote. Hicho nacho sikicheki. Kabla yake kulikuwa na makocha waliokuwa wakiwaweka benchi wasichana waliowakatalia, kisha wanasema kwa upole, mwili wake haujawa tayari. Leo ukimzuia mwenye kijani unafutiwa leseni, na humgusi mwanamichezo tena mpaka kufa.

Sasa wasichana wangu si wajinga. Walishalijua Lango kuliko mafundi wake. Wana mtindo wao, wanauita kuingia kavu. Kuanzia chakula cha mchana hawagusi maji. Usiku wanasukuma bakuli la mchuzi pembeni wanakula ugali mtupu. Alfajiri wanaruka kamba na sweta mbili mpaka jasho liwatoke, kisha wanakuja kwenye foleni midomo myeupe, na Lango linawaambia hongera. Sheria iliyotungwa ili wasikonde imewafundisha kukaa na kiu. Yule aliyekonda kweli anapita, na yule mzima aliyekunywa maji anarudishwa. Mtu ukiwaza sana unaweza kuokota jiwe ulitupie Lango.

*

"Dada Fausta, punguza sauti. Lango linarekodi," Kocha Amsi akaniambia mchana huo. Ni mtu mwema, Amsi, lakini woga umemjaa mpaka kwenye mabega.

"Lirekodi. Nipigie simu Baraza."

Akapiga. Kwenye kioo akatokea kijana mmoja nadhifu, Afisa Deusdedit, shingo imebanwa na tai. Nikamwambia mimi mwenyewe nimejitoa mhanga. Tangu jana mchana sikugusa maji, kwa makusudi, na asubuhi nimepanda Lango likanipa thelathini na moja. Halafu nimekunywa, nimekula, nimekaa na miguu kwenye maji ya vuguvugu, na sasa hivi mchana nimepanda tena mbele ya kocha. Ishirini na saba.

"Nimepungua mafuta kwa kunywa maji, mwanangu. Nikaiuze mjini hiyo dawa?"

"Mfumo unachukua kipimo cha kwanza cha siku, Madam."

"Sijakuuliza unachukua kipi! Nakwambia kinabadilika!"

"Wewe ungependekeza kipimo gani?"

Nikamwonyesha kalipa yangu, ile koleo ndogo ya kubana ngozi nyuma ya mkono na juu ya nyonga. Nikamwambia nimempima nayo Restituta leo, nimepata kumi na sita.

"Na Kocha amempima?" akauliza.

Amsi akakohoa. Nilimkanyaga mguu, lakini mtu huyu hajui kudanganya. "Mimi nilipata ishirini," akasema.

"Kumi na sita, na ishirini," Deusdedit akarudia, akiandika. "Mtoto mmoja, siku moja. Sasa kipi ndicho cha kweli, Madam?"

"Hakuna! Hakuna cha kweli, yote ni makisio. Kocha anabana na nyama, mimi nabana ngozi tupu, kila mkono una tabia yake. Ndiyo maana unampima mtoto kwa mkono uleule, saa ileile, akiwa amekunywa maji, mwezi baada ya mwezi, unaangalia anakwenda wapi. Na unamtazama mtoto mwenyewe usoni. Unamuuliza analalaje, anakula nini, anapata siku zake. Namba ni mwanzo wa mazungumzo, baba. Si hukumu."

"Makisio hayawezi kuwa sheria, Madam."

"Ndicho ninachokwambia tangu mwanzo!"

"Basi tumeelewana," akasema, na nakuapia alitabasamu. "Tunabaki na Lango."

Akaniambia ninaweza kuleta pingamizi, litasikilizwa kwa mwezi mmoja. Majaribio ya Kanda yalikuwa keshokutwa, basi linaondoka kesho asubuhi. Nilipomtajia Emiliana, kwamba yule wa kijani ndiye mgonjwa, akauliza kama ninayo ripoti ya daktari. Ninayo. Picha ya eksrei ya mguu wake, ya zahanati, ilitoka safi. Nikamweleza kwamba ufa mchanga kwenye mfupa mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida mpaka mfupa uanze kujiunga wenyewe, kwa hiyo picha safi haisemi kitu. Akasema, kwa heshima zote, mtu mwenye kijani kwenye Lango na picha safi ya zahanati kwa lugha yao anaitwa mzima wa afya.

Kioo kikazima. Nilitamani kulia kwa hasira.

"Mwache akimbie," Amsi akasema, bila kunitazama. "Akianguka, kosa ni la Lango. Hakuna atakayekulaumu."

"Na mguu utakaovunjika ni wa Lango?"

Akaitia simu mfukoni. Lakini sauti ndani yangu ilikuwa inauliza swali baya zaidi: je, kama nimekosea? Mkono wangu umepishana na wa Amsi kwa asilimia nne. Jicho langu je, limepishana na ukweli kwa kiasi gani?

*

Emiliana nilimkuta chumbani amelala chali, miguu ameiegemeza ukutani. Akataka kuinuka, nikamzuia. Nikakaa kitandani nikapitisha kidole gumba kwenye ugoko wake wa kushoto, polepole, kutoka chini kwenda juu. Kuna mahali nilipofika akang'ata blanketi.

"Panauma?"

"Hapana, Madam."

"Umeng'ata blanketi."

"Baridi."

"Emiliana, mwanangu, mimi si Lango. Siku zako umeona lini?"

Akageuza uso. "Kabla ya masika."

Na sasa watu walikuwa wanavuna. Nikahesabu kimoyomoyo nikaacha. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenizuia."

"Ningekulisha kwanza, nikakupumzisha. Mguu huu ukiendelea kuukimbilia utakatika. Si maumivu ya kawaida. Unaweza kukatika katikati ya mbio, na ukiunganishwa usiwe mguu uleule tena. Unanielewa?"

"Unaweza," akasema. "Umesema unaweza. Si utakatika."

Loh, mtoto huyu! Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, sijui kipi kilitangulia.

"Madam, nakuheshimu," akaendelea, sasa ameketi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kupumua mlimani. Lakini mwakani natoka kwenye kundi hili la umri. Watano wa kwanza wanachukuliwa shule ya mbio, na mimi nina miguu ya kuwa wa pili. Lango limesema niko salama. Zahanati imesema niko salama. Ni wewe tu. Wewe una nini ambacho wao hawana?"

"Nina macho."

"Na yule kocha wa dada yangu, alipomweka benchi, naye alisema hivyohivyo. Nina macho."

Hapo alinipata. Dada yake alikuwa mmoja wa wale walioandikiwa kifungu cha pili, kambi nzima inajua. Nikatoka bila kusema kwaheri, na nje ya mlango nikamkuta Restituta ananisubiri, mikono nyuma.

"Madam, Lango linanipa nafasi ya pili kesho kabla ya basi."

"Najua."

"Basi niambie niache kunywa. Neno moja tu. Bila ruhusa yako siwezi."

Fikiria sasa. Mtoto mzima, anayestahili, kesho anaweza kupita kwa neno langu moja. Kiu ya nusu siku haimuui. Na huo ungekuwa uongo wa kuleta haki, maana namba anayopewa na Lango ni ya uongo tangu mwanzo. Lakini nikimwambia, ndiyo nimeufunga mlango. Siku ninaposimama mbele ya Baraza kusema watoto wanaingia kavu, wataniuliza nani aliwafundisha. Na mdogo wake Restituta atakapokuja kambini atajua kwamba hata Madam, akibanwa, anasema usinywe.

"Hapana," nikamwambia.

"Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa kwa nini ni mimi?"

Nikaenda jikoni nikamgombeza mpishi kwamba maharage yana chumvi nyingi, na hayakuwa na chumvi nyingi, maskini wa Mungu, yalikuwa matamu kabisa.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani. Restituta alikuja wa kwanza kwenye foleni. Amevaa sweta mbili. Ya juu niliitambua, ni ya Emiliana.

"Hongera, mwanamichezo. Mafuta ya mwili, asilimia kumi na sita. Uko salama. Endelea."

Akashuka bila kuniangalia. Midomo imekuwa myeupe kama aliyelamba chokaa. Hata huyu! Mmoja tu niliyekuwa naye, na huyu naye wamenichukulia, kwa usiku mmoja, na tena kwa wema, maana mwenzake alimwonea huruma akamwazima sweta. Ningemgombeza nani? Nikamjazia kikombe cha maji nikampa. Akakinywa kwa mikono miwili bila kupumzika, akarudisha kikombe kitupu, akasema, "Nisamehe, Madam." Nikamwambia anywe kingine.

Emiliana naye akapanda. Kumi na saba. Kijani. Hongera, hongera, hongera.

Basi letu halina dereva. Mlango wake haufunguki kwa mwanamichezo mpaka mpimaji wa kambi aweke kiganja kwenye kioo cha pembeni, mtoto mmojammoja, kuthibitisha kwamba ndiye aliyepimwa. Kazi ya kitarishi tu. Kiganja, mlango, kiganja, mlango. Restituta nikamwekea kiganja, akapanda. Ana afya, aende, Mungu amsaidie. Wengine wakafuata. Mwisho akaja Emiliana, begi mgongoni, akakanyaga kidaraja kwa mguu wa kulia kwanza na wa kushoto akauvuta baadaye.

Nikaweka mikono yangu mfukoni.

"Madam?" akasema.

Amsi akatoa kichwa dirishani. "Fausta, weka mkono twende."

"Tafadhali, mpimaji, thibitisha," likasema basi. Sauti ni ileile, ya mshereheshaji.

"Simthibitishi."

"Mwanamichezo ana kijani. Taja sababu ya kuzuia."

"Mfupa wake una ufa, na mwili wake una njaa."

"Taja kipimo."

"Sina kipimo."

"Fausta!" Amsi akapiga kelele. "Usijitie kitanzi, dada! Sema chochote! Taja namba yoyote, tutairekebisha baadaye!"

Na kweli ningeweza. Ningesema tisa, ningesema kumi na moja, basi lingeandika, lingeshukuru, lingeondoka, na mwezi ungepita kabla mtu hajauliza. Mdomo wangu ulishakaa mkao wa kusema tisa. Lakini nimechoka na namba za uongo, nimechoka nazo mpaka kwenye meno. Sikuwa tayari kuongeza ya kwangu.

"Sina namba," nikasema. "Nimembonyeza mguu kwa kidole. Nimemshika mkono. Nimemuuliza, akanijibu. Basi."

"Kuzuia bila kipimo ni ubaguzi chini ya kifungu cha pili. Leseni yako itafutwa papo hapo na hutaruhusiwa kumgusa mwanamichezo. Je, una uhakika?"

Watoto wote walikuwa wamejazana madirishani. Restituta alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Swali lenyewe, kusema kweli, lilikuwa zuri, na ni swali la kwanza la maana nililowahi kulisikia kwenye mashine zao.

"Sina uhakika," nikasema. "Namzuia."

Kisha kioo cha kiganja kikazimika, jina langu likiwa bado limeandikwa juu yake, na baada ya kidogo jina nalo likafutika. Mlango ukajifunga. Amsi alikuwa anasema kitu nyuma ya dirisha lakini sikumsikia, na basi likageuka taratibu kwenye changarawe, likaingia kwenye ukungu na watoto wangu wote ndani yake.

Emiliana alidondosha begi. Nikadhani atalia, lakini alinijia na ngumi, akanipiga kifuani, akanipiga begani, akanipiga tena. Sikumshika mikono. Sheria ilikuwa imeshanikataza kumgusa, na hata bila sheria nisingemshika.

"Umeniua!" akalia. "Umeniua, Madam! Wewe ni kama wao! Wewe ni kama yule kocha!"

"Sawa," nikasema.

"Nakuchukia!"

"Sawa, mwanangu."

Alipochoka akaketi chini kwenye umande, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, anahema. Nikaketi upande wa pili, mbali kidogo, sketi ikalowa. Mpishi alitoka jikoni akatutazama, akarudi ndani. Tulikaa hivyo mpaka ukungu ukaanza kuachia na barabara ikaonekana tupu mpaka chini.

"Na kama nilikuwa mzima?" akauliza. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo liliniuma kuliko ngumi. "Nijibu, Madam. Kama nilikuwa mzima kweli?"

"Basi nimekudhulumu," nikamwambia. "Na utakuwa na miguu yako yote miwili ya kunifuata nayo mahakamani."